Maisha ya William Blake, Mshairi Aliyepiga Chapa Vitabu Vyake Mwenyewe

Katika masomo yetu ya historia tunasoma habari za wafalme, majemadari na wapelelezi wa nchi. Wengi wao walisifiwa tangu siku za uhai wao. Lakini wako watu wengine ambao hawakusifiwa walipokuwa hai, wala hawakupata mali, na walipokufa hata kaburi lao halikuwekwa jiwe. Pamoja na hayo kazi ya mikono yao imedumu kuliko majumba ya matajiri wa zamani zao. Mmoja wa watu hao ni William Blake, mshairi wa Uingereza. Yeye alitunga mashairi, akayazungushia picha, akayapiga chapa nyumbani kwake kwa mtambo wake mwenyewe, akayatia rangi, na mkewe akamsaidia katika kazi yote. Nataka kueleza maisha yake ili wasomaji wa gazeti letu waone mtu asiye na cheo wala fedha alivyoweza kufanya kazi kubwa, na pia waone gharama aliyoilipa.

William Blake alizaliwa London tarehe 28 Novemba, 1757, katika mtaa wa Broad Street. Baba yake, James Blake, alikuwa na duka la soksi. Hawakuwa watu maskini, wala hawakuwa matajiri. Mtoto huyu hakupelekwa shule kama wenzake. Alifundishwa nyumbani na mama yake, na alipokwisha kujua kusoma na kuandika akaendelea kujisomea mwenyewe, hasa Biblia na mashairi.

Tangu utoto wake alikuwa na jambo moja lililomtenga na watu wengine, nalo ni kwamba alisema anaona mambo wasiyoyaona wenzake. Inasimuliwa kwamba siku moja, alipokuwa na umri wa miaka minane hivi au kumi, alikwenda kutembea mahali panapoitwa Peckham Rye, akarudi nyumbani akasema ameona mti uliojaa malaika. Baba yake alitaka kumchapa kwa kusema uongo, lakini mama yake akamwombea. Maono ya namna hii yalifuatana naye mpaka uzee wake. Kwa sababu hiyo watu wengi walimcheka, na wengine walimwita mwenda wazimu. Lakini kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka hamsini ilitaka mkono usiotetemeka, jicho kali na subira nyingi, nayo aliifanya vizuri mpaka siku zake za mwisho. Ni vigumu kwa mwenda wazimu kufanya hivyo.

Alipokuwa na miaka kumi baba yake aliona anapenda kuchora, akamtia katika shule ya uchoraji ya Bwana Henry Pars. Baadaye ilipasa achague kazi. Kumtia kijana kwa mchoraji mkubwa kulitaka fedha nyingi sana, na inasemekana kijana mwenyewe ndiye aliyekataa, kwa kuwa aliona si haki ndugu zake wanyimwe kwa ajili yake. Basi mwaka 1772, alipokuwa na umri wa miaka 14, akawekwa kuwa mwanagenzi wa fundi mmoja, James Basire, aliyekuwa mtia nakshi.

Hapa yafaa nieleze kazi hiyo. Siku zile kamera ilikuwa haijavumbuliwa. Picha nyingi zilizoonekana katika vitabu zilitiwa nakshi kwanza katika bamba la shaba kwa chombo chenye ncha kali, mstari baada ya mstari. Kisha bamba lilipakwa wino na kupigwa chapa juu ya karatasi. Kazi ya picha moja iliweza kuchukua majuma mengi. Blake alijifunza kazi hiyo kwa miaka saba. Fundi wake alimtuma katika kanisa kuu la Westminster Abbey akachore makaburi ya wafalme wa kale, na huko, peke yake kati ya sanamu za mawe, aliyapenda mambo ya zamani kwa mapenzi yasiyomtoka tena. Alipomaliza uanagenzi mwaka 1779 akaingia katika chuo cha sanaa cha mfalme, Royal Academy, lakini hakupatana na maoni ya mkuu wake, Sir Joshua Reynolds. Akaendelea kujitafutia riziki kwa kutia nakshi picha za watu wengine.

Tarehe 18 Agosti, 1782, alimwoa Catherine Boucher, binti wa mkulima wa mboga wa Battersea. Siku ya harusi Catherine alitia alama ya msalaba katika kitabu cha kanisa, kwa sababu hakujua kuandika jina lake. Wako waume ambao wangalimwacha vile alivyo. Blake alimfundisha kusoma na kuandika, kisha akamfundisha kuchora, kutia rangi na kuendesha mtambo wa chapa. Walikaa pamoja miaka karibu 45, wala hawakujaliwa kupata mtoto. Yeyote anayetaja vitabu vya Blake bila ya kumtaja Catherine amesimulia nusu ya habari.

Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Poetical Sketches, kilipigwa chapa mwaka 1783 kwa fedha za rafiki zake. Nakala zake zilikuwa chache, naye alizigawa kwa watu aliowajua, hazikuuzwa madukani. Baba yake alipofariki mwaka 1784, Blake alifungua duka la picha pamoja na James Parker, mwenziwe wa uanagenzi. Duka hilo halikudumu.

Katika siku hizo ndugu yake mdogo, Robert, alikuwa akikaa nao na kufundishwa kuchora. Blake alimpenda kuliko ndugu zake wote. Mwaka 1787 Robert alishikwa na kifua kikuu, na Blake akamuuguza usiku na mchana mpaka akafa. Baadaye Blake alieleza kwamba aliiona roho ya ndugu yake ikipanda juu huku inapiga makofi kwa furaha. Tena alisema kwamba Robert alimjia katika njozi akamwonyesha namna mpya ya kupiga chapa mashairi pamoja na picha zake. Inasimuliwa kwamba asubuhi yake Catherine alitoka na shilingi mbili na nusu, fedha yote waliyokuwa nayo, akanunua vifaa vya shilingi moja na peni kumi ili mumewe aijaribu njia hiyo. Zikabaki peni nane za chakula.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Mtia nakshi wa kawaida huchimba mistari katika shaba, na wino huingia katika mashimo. Blake alifanya kinyume. Alichukua bamba tupu la shaba akaandika shairi lake juu yake kwa kalamu na brashi, akitumia vanishi isiyoliwa na tindikali, na pembeni mwa maneno akachora miti, ndege, ndimi za moto na watoto wanaocheza. Kisha alimimina tindikali juu ya bamba. Ile tindikali ilikula shaba mahali pote pasipokuwa na vanishi, na maneno na picha vikabaki vimeinuka kama vile muhuri. Hapo alipaka wino, wa rangi ya kahawia au buluu au rangi nyingine, akaweka karatasi, na kuvipitisha katika mtambo wa mti wenye magogo mawili yanayozunguka, mfano wa mtambo wa kukamulia miwa. Ukurasa ulipokauka, yeye au Catherine aliutia rangi za maji kwa brashi. Mwisho Catherine alizishona kurasa pamoja.

Msomaji afikiri ugumu wa jambo moja tu. Kitu kinachopigwa chapa hutokea kimegeuka, kulia kuwa kushoto. Kwa hiyo kila neno lilipasa kuandikwa kinyumenyume juu ya shaba, kama linavyoonekana katika kioo. Blake aliizoea hati hiyo mpaka akaiandika kwa wepesi. Shaba nayo ilikuwa ghali, na baadhi ya mabamba yake aliyatumia pande zote mbili. Ukiondoa karatasi na shaba, karibu kila jambo la kitabu lilifanyika katika nyumba ile moja, na watu wawili tu.

Kwa njia hii alitoa Songs of Innocence mwaka 1789, na mwaka 1794 akatoa Songs of Experience akaviunganisha kuwa kitabu kimoja. Cha kwanza kina mashairi ya hali ya mtoto asiyejua ubaya wa dunia. Cha pili kina mashairi ya mtu aliyekwisha kuuona. Maneno yake ni mepesi, hata mwanafunzi wa sekondari aweza kuyafuata, lakini mambo yaliyomo si mepesi. Blake aliandika habari za watoto wa London waliouzwa na wazazi wao ili wakwee ndani ya dohani za nyumba na kukwangua masizi. Watoto wadogo ndio waliotakiwa, kwa sababu dohani zilikuwa nyembamba. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza mtoto chini ya miaka minane kufanya kazi hiyo, lakini haikushikwa, na desturi hiyo haikukomeshwa kabisa mpaka sheria ya mwaka 1875. Kitabu hicho hicho kina shairi la mtoto mweusi anayefundishwa na mama yake chini ya mti kwamba Mungu hapimi nafsi ya mtu kwa rangi ya ngozi.

Jambo hili la mtu mweusi halikuwa la kupita. Katika miaka hiyo alipewa kazi ya kutia nakshi picha kadha wa kadha za kitabu cha Kapteni John Stedman, kilichotoka mwaka 1796. Stedman alikuwa askari katika Surinam, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini, akaona kwa macho yake watumwa kutoka Afrika wanavyoteswa. Katika nakshi za Blake tunaona mtu aliyetundikwa hai kwa kulabu ya ubavuni, na mwanamke aliyepigwa mijeledi. Fundi aliyechora mistari hiyo alikaa siku nyingi akiyatazama mateso hayo, na shairi lake la Visions of the Daughters of Albion, la mwaka 1793, linalaani utumwa. Mwaka 1795 alipiga chapa kitabu chenye sehemu mbili, moja inaitwa Afrika na ya pili Asia. Biashara ya watumwa ilikuwa bado halali kwa Waingereza mpaka mwaka 1807. Sisi tunaotoka katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilipita kwenda Bagamoyo tunaweza kuelewa uzito wa sauti kama hiyo, ingawa ilikuwa sauti ya mtu mmoja katika nyumba ya kupangisha.

Kwa nini basi hakuwapelekea wachapaji wa mjini mashairi yake? Sababu moja ilikuwa fedha. Sababu ya pili ilikuwa uhuru. Mwaka 1791 mwenye duka la vitabu, Joseph Johnson, alianza kupiga chapa shairi la Blake juu ya mapinduzi ya Ufaransa, lakini halikutolewa; likabaki katika nakala ya kusahihishia. Serikali ya siku zile iliwatazama kwa jicho kali watu waliosifu mapinduzi, na wachapaji waliogopa. Katika mtambo wake mwenyewe hakuna aliyeweza kumwambia Blake afute mstari hata mmoja. Mwaka 1793 alitoa tangazo la vitabu vyake na bei zake. Humo alieleza kwamba washairi na wachoraji wamekuwa maskini siku zote kwa kukosa njia ya kueneza kazi zao, na kwamba yeye sasa ameipata. Kitabu cha Songs of Innocence kilikuwa shilingi tano.

Matumaini hayo hayakutimia. Kila nakala ilitaka kazi nyingi ya mikono, kwa hiyo nakala zilikuwa chache, na wanunuzi pia wachache. Hapa nafikiri yafaa tuseme ukweli wote. Njia ile ile iliyompa uhuru ndiyo iliyomnyima wasomaji. Watoto wa dohani hawakuweza kusoma kitabu kilichowatetea, na kibarua wa London asingetoa shilingi tano kwa ajili ya mashairi.

Mwaka 1800 Blake na mkewe walihamia kijiji cha Felpham, karibu na bahari, ili afanye kazi kwa mfadhili mmoja, William Hayley. Hayley alikuwa mtu mwema, lakini alimpa kazi ndogo ndogo zisizolingana na kipaji chake. Mwezi wa Agosti, 1803, askari mmoja, John Scofield, aliingia katika bustani ya Blake. Blake alimwamuru atoke, na alipokataa akamshika mikono akamsukuma mpaka nje barabarani. Askari yule akaenda kumshitaki kwamba amemtukana mfalme na kuwatakia ushindi Wafaransa. Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon, na watu walihofu kuvamiwa wakati wowote, kwa hiyo shitaka la uchochezi lilikuwa jambo la hatari kubwa. Kesi ilisikilizwa katika mji wa Chichester mwezi wa Januari, 1804. Hayley alimsaidia kwa fedha na kumtolea ushahidi, na Blake akaachiliwa huru.

Alikwisha rudi London wakati huo, na huko alianza vitabu vyake viwili vikubwa, Milton na Jerusalem. Kitabu cha Jerusalem kina mabamba 100, na kilimchukua miaka mingi. Nakala iliyotiwa rangi yote ni moja tu, nayo haikupata mnunuzi mpaka Blake akafa. Siku hizi imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Miaka hiyo ilikuwa ya dhiki. Mfanya biashara mmoja, Robert Cromek, alimwagiza picha za kitabu na kumtumainisha kwamba atazitia nakshi yeye mwenyewe, kisha akampa kazi hiyo yenye malipo makubwa mtu mwingine. Mwaka 1809 Blake alifanya maonyesho ya picha zake 16 katika duka la ndugu yake. Watu wachache walikuja, na gazeti moja likaandika kwamba yeye ni mwenda wazimu. Inasimuliwa kwamba fedha ilipokwisha nyumbani, Catherine hakugombana naye. Alimwandalia sahani tupu mezani. Blake alielewa, akashika tena kazi ya kutia nakshi picha za watu wengine.

Katika uzee wake Mungu alimletea rafiki. Mchoraji kijana, John Linnell, alijuana naye mwaka 1818, akamwagiza kazi na kumlipa kidogo kidogo. Kwa msaada wake Blake alitia nakshi picha za Kitabu cha Ayubu, ambazo wajuzi wengi wanazihesabu miongoni mwa nakshi bora kabisa. Vijana wengine wachoraji, kama Samuel Palmer, walizoea kwenda katika vyumba vyake viwili vya Fountain Court, wakamheshimu kama mwalimu wao. Baada ya umri wa miaka 60 alijifunza Kiitaliano ili amsome Dante, akachora picha 102 za shairi lake. Alikuwa bado katika kazi hiyo mauti yalipomfikia.

Alifariki tarehe 12 Agosti, 1827. Inasimuliwa kwamba siku ile alimchora mkewe mara ya mwisho, akamshukuru, kisha akaimba nyimbo alizozitunga palepale. Alizikwa katika makaburi ya Bunhill Fields, katika kaburi la watu wengi lisilo na alama, kwa fedha ya kukopa kutoka kwa Linnell. Catherine aliendelea kuuza kazi zake mpaka naye akafa mwaka 1831.

Kwa muda wa miaka 30 na zaidi jina lake lilikuwa karibu kusahauliwa. Mwaka 1863 kilitolewa kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Alexander Gilchrist. Mwandishi huyo naye alikufa kabla ya kukimaliza, na mjane wake, Anne, ndiye aliyekikamilisha. Tangu hapo sifa ya Blake ilikua mwaka hata mwaka. Mwaka 1916 Hubert Parry alitia sauti mashairi machache yaliyo mwanzoni mwa kitabu cha Milton, na wimbo huo umekuwa mashuhuri Uingereza nzima. Mwaka 1957 sanamu yake iliwekwa katika Westminster Abbey, katika kanisa lile lile alilokuwa akichora makaburi alipokuwa mwanagenzi. Na mwaka 2018, baada ya miaka 191, mahali alipozikwa pakawekwa jiwe lenye jina lake.

Wahenga wetu walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maisha ya Blake yanatufundisha kwamba kizuri huweza kukaa miaka mingi bila ya kuuzwa, na mwenyewe akaondoka duniani kabla ya siku ya soko. Asingaliweza kuisubiri siku hiyo kama angaliifanya kazi yake kwa ajili ya sifa. Aliifanya kwa sababu aliiamini, na kwa sababu yuko mtu mmoja nyumbani aliyeiamini pamoja naye.

Wenzangu tunaosoma pamoja, wengi wetu tuna daftari la mashairi chini ya mto, wala hatuna mtambo wala mfadhili. Blake alianza na shilingi moja na peni kumi. Kwanza alijua ufundi wake barabara kwa miaka saba chini ya fundi, ndipo akaubadili kwa namna yake. Na alipokuwa na elimu, mtu wa kwanza aliyemgawia alikuwa mkewe asiyejua kuandika jina lake. Nadhani hayo mawili yanatosha kwa mtu yeyote kuanzia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne